Kivuli cha Kindu Kina Kazi

Nyumba ya plastiki iliyofungwa pande zote, ile inayojengwa nyanda za juu ili ishike joto, haina kazi Kindu. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu picha za nyumba hizo zinapita kwenye simu za vijana wetu, nyanya nyekundu zimetundikwa kwenye kamba safu kwa safu, na kuna wanaoanza kukusanya dola za kununua bashi na vyuma. Mji wetu uko karibu mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, digrii tatu hivi kusini mwa ikweta, ukingoni mwa Lualaba. Joto hatujalikosa hata siku moja. Ukilifungia chini ya plastiki saa sita mchana, hewa ya ndani inapita nyuzi 40 bila shida. Nyanya ikipigwa na joto la zaidi ya nyuzi 35 chavua yake inaharibika, ua linapukutika, tunda halishiki. Mtu aliyeuza mbuzi wake ili ajenge nyumba hiyo atavuna majani.

Tunachohitaji ni kinyume chake: banda lisilo na kuta, lenye kivuli kilichopimwa. Na kivuli ndicho kitu ambacho parseli nyingi za Kasuku, Mikelenge na Alunguli zinacho kwa wingi. Miembe, miparachichi, misafu, michikichi. Mtu anayehamia kwenye parseli ya zamani anakuta sehemu kubwa ya kiwanja iko chini ya matawi, na majirani wanamwambia hapo hapaoti kitu, kata mwembe upate shamba. Mimi nasema usiukate. Sehemu yenye kivuli ni mahali pa kuzalisha na kulea miche, pamoja na mimea michache ya msituni inayoishi kivulini maisha yake yote. Haifai kuwa shamba la kulima mpaka mavuno. Anayechanganya kazi hizi mbili ndiye anayelalamika kwamba banda lake halizai.

Waliojenga nyumba za vioo Ulaya walikuwa na sababu nzuri kwao. Zinazotuhusu zaidi ziko Laeken, pembeni mwa Brussels, katika bustani za mfalme wa Ubelgiji. Leopold wa Pili alimpa kazi msanifu Alphonse Balat, na majengo hayo ya chuma na vioo yakajengwa kati ya 1874 na 1895. Mojawapo, la mwaka 1886, linaitwa Nyumba ya Kongo. Lilijengwa mwaka mmoja baada ya mataifa ya Ulaya kumtambua mfalme huyo kuwa mwenye Dola Huru ya Kongo, na lilikusudiwa kuhifadhi mimea ya kwetu. Kule theluji inaanguka. Mmea wa ikweta ungekufa usiku mmoja wa Januari bila kioo cha kuzuia baridi, na kila mwali wa jua lao dhaifu ulikuwa na thamani. Kwetu jua linatuzidi, na baridi ya kuua mmea haijulikani. Basi kwa nini tuige jengo lililobuniwa kwa shida ambayo hatuna?

Miaka michache baadaye mmea mwingine ulisafiri kwa njia hiyohiyo. Kahawa ya robusta ilichukuliwa kutoka misitu ya upande wa Lomami, mto unaopita magharibi mwa Maniema, ikafika Brussels mikononi mwa wauza mimea wa kampuni ya Linden, na mwaka 1901 ikapelekwa Java, ambako kutu ya majani ilikuwa imeangamiza arabika ya Waholanzi. Baadaye mbegu zilizochaguliwa Java zilirudi Kongo na kujaza mashamba ya wakoloni. Robusta kwa asili yake ni mti wa chini ya miti mikubwa, umezoea mwanga unaochujwa na majani. Kilichowaokoa wakulima wa upande wa pili wa dunia kilitoka kwenye kivuli cha jirani yetu wa karibu kabisa, nasi bado tunasimama chini ya mwembe tukisema hapa hapaoti kitu.

Jua la mchana la ikweta ni jingi kupita uwezo wa majani ya mimea mingi. Jani la nyanya hushiba likipata karibu nusu ya mwanga wa saa sita. Jani la kakao hushiba mapema zaidi, hata robo inalitosha. Mwanga unaozidi hapo hauulishi mmea, unauchosha: jani linapata moto, linapoteza maji, kisha linafunga vitundu vyake vya kupumulia na kazi ya kutengeneza chakula inasimama. Mti mkubwa una mizizi mirefu ya kuleta maji mengine. Mche wa wiki mbili una vijizizi vichache vilivyo kwenye udongo wa juu, ule unaokauka kwanza. Ndiyo maana unaukuta umelala saa saba mchana ingawa ulimwagiliwa asubuhi.

Ila kuna mimea isiyoshiba jua. Lengalenga, mahindi na miwa hutumia njia nyingine ya usanisinuru, na kadiri jua linavyozidi ndivyo zinavyozidi kukua. Panda lengalenga chini ya mwembe uone: mashina yanarefuka, majani yanapauka na kuwa membamba, na mama wa sokoni analikataa fungu lako kabla hujalishusha kichwani. Lengalenga, sombe na matembele, mboga tunazokula karibu kila siku, hazina haja ya banda. Zipande juani, kwenye matuta yenye samadi, na usiruhusu mradi wowote ukwambie vinginevyo.

Banda lenyewe halina gharama ya kutisha. Nguzo za miti migumu au mianzi zenye urefu wa mita mbili juu ya ardhi, ili mtu apite wima akiwa na ndoo. Juu, fito zilizofungwa kwa kamba za msituni, kisha matawi ya michikichi yaliyopangwa kwa safu moja. Upande wa mashariki uachwe wazi, kwa sababu jua la asubuhi ni laini na hukausha umande. Upande wa magharibi uteremshiwe matawi kama pazia, maana jua la saa nane mpaka saa kumi ndilo linalochoma. Vitanda viwe na upana wa mita moja, mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili. Neti nyeusi ya kivuli ni nzuri kwa anayeweza kuipata, lakini sioni sababu ya mtu wa Alunguli kusubiri neti ya dukani wakati michikichi iko nyuma ya nyumba.

Tena matawi ya michikichi yana sifa ambayo neti haina. Yanapokauka, vijani vyake vinaanguka kidogo kidogo, na kila wiki mwanga unaoingia unaongezeka. Mche unapohitaji kivuli kizito, paa ni bichi na zito. Unapoanza kukomaa, paa limekwisha kuwa jepesi. Anayetaka kupima kivuli chake hahitaji chombo. Asimame ndani ya banda saa sita, jua likiwa utosini, atazame chini. Madoa ya mwanga yakifunika nusu ya ardhi, hicho ni kivuli cha nusu, kinachofaa miche mingi ya mboga. Yakifunika robo tu, hapo ni mahali pa kakao changa na kahawa iliyoota juzi. Asipoona doa hata moja, akapogoe.

Na hapa ndipo mwembe unapohitaji kueleweka. Kivuli cha mwembe mkubwa ambao haujawahi kupogolewa ni kizito mno, na mizizi yake inakunywa maji yote ya udongo wa juu. Usijenge banda kwenye shina. Jenga ukingoni, pale matawi yanapoishia, ukate yale ya chini kabisa ili hewa ipite. Usipande moja kwa moja kwenye udongo uliojaa mizizi ya mwembe. Tumia sashe, yaani vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche, au vitanda vilivyoinuliwa juu ya meza ya mianzi. Meza hiyo ina faida ya pili: mbuzi na kuku wa jirani, ambao katika mji wetu hawana mipaka, hawaifikii kwa urahisi. Hata hivyo weka uzio. Nimeona miche ya miezi mitatu ikimalizwa na mbuzi mmoja katika muda wa kwenda kisimani na kurudi.

Adui mkubwa wa banda la kivuli anatoka ardhini, na ni unyevu unaomwalika. Wakulima wa kitalu wanamjua kwa jina la kinyausi: mche unaota vizuri, siku ya nane au ya kumi shina lake linakuwa jembamba na jeusi pale linapogusa udongo, kisha unaanguka, na kesho yake jirani zake wanaanguka pia. Ni vimelea vya ukungu vinavyoishi kwenye udongo, na Kindu, yenye mvua inayopita milimita 1,500 kwa mwaka, imevipa makao mazuri. Dawa ya dukani si jibu la kwanza. Jibu la kwanza ni kuchoma au kupika kwa mvuke udongo wa kusia mbegu, kuuchanganya na mchanga wa mto ili maji yapite, kusia kwa mistari yenye nafasi, na kumwagilia asubuhi tu. Anayemwagilia jioni anaulaza mche majini usiku kucha. Watu wengi wanadhani kivuli ndicho kilichoua miche yao, kumbe ni maji ya jioni na mbegu zilizomwagwa kwa kiganja.

Kosa la pili ni huruma. Mche wa nyanya, bilinganya, pilipili au kabichi unatakiwa utoke bandani baada ya wiki nne au tano. Mwenye banda anaona umependeza, anasema ukae kidogo ukue zaidi, na kila siku anayoongeza inaudhoofisha. Shina linarefuka kutafuta mwanga, mizizi inazunguka ndani ya sashe, na siku ya kuuhamisha juani unaungua kwa saa mbili. Wiki mbili kabla ya kuhamisha, punguza matawi ya paa kila baada ya siku chache na punguza maji. Mche ukomae: shina ligeuke rangi kidogo, jani liwe nene. Hamisha jioni, siku ya mawingu ikiwezekana. Nalitilia mkazo hili kwa sababu ndipo kazi yote ya kivuli inapopotea. Kivuli ni malezi, na malezi yana mwisho wake.

Nyanya inastahili maneno zaidi, kwa kuwa ndiyo inayowatamanisha wengi. Msimu wetu wa kiangazi ni mfupi, Juni hadi Agosti. Anayesia mbegu Mei ndani ya banda, wakati mvua za mwisho bado zinapiga, atahamisha miche Juni na kuvuna kabla mvua kubwa hazijarudi. Huo ndio mpango mwepesi kuliko yote, na banda linaufanya uwezekane kwa kuilinda miche dhidi ya matone mazito ya Mei. Anayetaka nyanya za Novemba ana kazi nyingine. Mvua inarusha udongo wenye magonjwa kwenye majani, na mnyauko wa bakteria unapanda kutoka mizizini. Kituo cha mboga cha dunia kilichoanzishwa Taiwan mwaka 1971 kiliwafundisha wakulima wa nyanda za chini zenye joto na mvua mambo mawili: kuunganisha kikonyo cha nyanya juu ya shina la bilinganya, ambayo aina zake kadhaa huustahimili mnyauko, na kuweka paa la plastiki angavu juu ya matuta, pande zote zikiwa wazi kabisa. Hapo plastiki ina kazi, kwa sababu inazuia mvua bila kufungia joto. Lakini iwe angavu. Bashi la buluu au la rangi ya machungwa linalouzwa kwa kufunika mizigo linanyima mmea mwanga unaouhitaji, nalo likipigwa na jua halimalizi mwaka. Kuunganisha nako kunafanyika kivulini: jeraha linapona kwa siku saba hivi mahali penye giza kiasi na unyevu mwingi. Banda lilelile linatumika.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, utajiri wa banda la kivuli Kindu haumo kwenye nyanya. Umo kwenye mgomba.

Kila mwaka mtu anayetaka kupanda migomba anahangaika kutafuta watoto wa mgomba. Mgomba mmoja unatoa wachache, tena wanabebwa kwa baiskeli kutoka shamba la mbali pamoja na minyoo na fukusi wao. Kuna mbinu iliyoenezwa kutoka kituo cha utafiti wa migomba cha CARBAP, huko Njombé ya Kamerun, ambayo inafanyika kwa kisu, sanduku la mbao na unga wa mbao kutoka kwa fundi seremala. Unachukua mtoto wa mgomba mwenye majani membamba kama mkuki, kabla hajatoa majani mapana. Unamenya mizizi yote na udongo wote mpaka tunguu libaki jeupe. Unaondoa maganda ya shina moja baada ya jingine, polepole, mpaka vijicho vilivyojificha chini ya kila ganda vionekane. Kisha unaua kichwa cha kukua kwa kukikata msalaba, ili mmea usahau kwenda juu na uamshe macho ya pembeni. Unaliacha tunguu likauke kivulini kwa siku mbili, unalizika kwenye unga wa mbao uliochemshwa, ndani ya sanduku lililofunikwa plastiki angavu, na sanduku hilo linakaa chini ya banda la kivuli. Lazima liwe kivulini. Ukiliweka juani, plastiki ile inapika kila kitu kilichomo.

Baada ya wiki tatu au nne machipukizi yanaanza kutokeza. Tunguu moja lililofanyiwa kazi vizuri linaweza kutoa miche kumi na kuendelea, na mikono iliyozoea inatoa mingi zaidi. Inakatwa ikiwa na majani matatu hivi, inatiwa kwenye sashe, inakaa bandani mwezi mmoja na nusu mpaka miwili, kisha shambani. Miche hiyo inakua pamoja na kuzaa pamoja, jambo ambalo mchukuzi wa soko analipenda. Sharti moja halina msamaha: mama wa tunguu awe mzima. Kongo ina ugonjwa wa kirusi unaofanya majani ya mgomba yasimame wima, mafupi na membamba, yamebanana kileleni na kingo zake zina umanjano. Uliandikwa Yangambi tangu miaka ya 1950, na unaenezwa na vidukari pamoja na sisi wenyewe tunapobeba watoto wa migomba iliyoambukizwa. Sanduku litakalopokea tunguu moja la mgomba huo litazalisha ugonjwa kwa dazeni. Chagua mgomba uliouona ukizaa mkungu mzuri, usiokuwa na dalili yoyote, na majirani zake pia wasiwe nazo.

Kuna pia wakazi wa kudumu wa kivuli, ambao hawatoki kamwe. Wa kwanza ni fumbwa. Jani hili linalochanganywa na karanga na mawese linatafutwa mbali zaidi kila mwaka, kwa kuwa wachumaji wengi hung'oa mtambaa mzima au hukata mti unaoushikilia. Mbegu yake inachelewa mno kuota, lakini vipande vya shina vinatoa mizizi. Watafiti wa kilimo-misitu nchini Kamerun walionyesha namna: sanduku lisilopitisha maji, mawe na mchanga chini vikiwa na maji, unga wa mbao uliooza au mchanga juu, kifuniko cha plastiki, kivuli kizito. Kipande chenye jani moja lililokatwa nusu kinaota mizizi kwa wiki kadhaa. Kikishapata nguvu, upe mtambaa huo mti wa kupanda palepale chini ya mwembe, pale tulipoambiwa hapaoti kitu, nao utachumwa miaka na miaka. Sijui zao jingine linalolipenda giza la parseli zetu kiasi hiki, na linauzwa Kindu bila kuhitaji ndege wala treni. Wa pili ni yale majani mapana ya msituni yanayofungia kwanga. Watu wanayafuata kwa mguu mbali na mji, ilhali shina lake likihamishiwa kwenye kona yenye unyevu na kivuli linaenea lenyewe. Tangawizi na manjano navyo huvumilia kivuli chepesi, ingawa mavuno yake huwa makubwa zaidi vinapopata jua kidogo.

Kakao inataka tahadhari. Bei yake ilipopita dola 12,000 kwa tani mwezi Desemba 2024, watu wengi walianza kuulizia mbegu, na mwaka uliofuata bei zikashuka tena. Anayepanda mti wa miaka thelathini kwa bei ya mwezi mmoja ajue anachokifanya. Lakini kwa aliyeamua, banda ni lazima. Mbegu ya kakao haikaushwi ikawekwa kwenye chupa. Ikitolewa kwenye tunda, ndani ya wiki moja hivi imeanza kupoteza uhai, kwa hiyo sashe na kivuli viwe tayari kabla tunda halijapasuliwa. Mche unakaa miezi minne hadi sita. Ukisiwa Machi au Aprili, unafika shambani mvua za Septemba zinapoanza. Zaidi ya hapo, shambani kwenyewe unahitaji kivuli cha migomba katika miaka ya mwanzo, na migomba hiyo imetoka kwenye sanduku la unga wa mbao tulilolieleza.

Kwa nini ninayasema haya sasa kwa nguvu zaidi? Kwa sababu tumeona jinsi sufuria zetu zilivyofungwa kwenye viwanja vya ndege vya watu wengine. Kabichi, karoti, vitunguu na viazi vya Kivu vilizoea kutufikia kwa ndege kutoka Goma na Bukavu, kwa kuwa barabara ni matope na treni ya SNCC huja kwa nadra. Goma ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, viwanja vya Goma na Kavumu vilifungwa. Ndugu zetu wa huko wameumia kwa namna isiyolinganishwa na upungufu wa kabichi, na hilo silisahau. Lakini mji uliokaa kwenye ardhi yenye mvua, kando ya mto mkubwa, haupaswi kutegemea ndege kwa ajili ya kabichi. Zipo aina za kabichi zinazovumilia joto na kufunga kichwa hata nyanda za chini, mradi mche wake ulelewe mahali penye kivuli. Viazi mviringo na karoti nzuri ni zao la baridi ya usiku, baridi ambayo hatuna. Hapo tusidanganyane. Banda la kivuli halibadilishi usiku wa Kindu kuwa usiku wa milima ya Masisi.

Serikali ya jimbo na komini zake zina sehemu yao, na haihitaji fedha nyingi. Kila komini ingekuwa na kitalu kimoja cha umma, chenye banda la kivuli la mita kumi kwa ishirini, masanduku mawili matatu ya migomba na kisima. Chuo Kikuu cha Kindu kina wanafunzi wa kilimo wanaohitaji mahali pa kufanyia mazoezi. Wapewe vitalu hivyo, kila kikundi kiwajibike kwa msimu mmoja na kiandike miche mingapi iliota, mingapi ilikufa, na kwa nini. Salongo, ile kazi ya pamoja ambayo wazee wanaikumbuka, ilikuwa na mabaya yake, ya kulazimishana na kuimba, lakini kazi ya Jumamosi asubuhi ya kusimamisha nguzo za kitalu cha mtaa ingeweza kufanywa kwa hiari na watu watakaochukua miche. Miche iuzwe, isigawiwe bure. Mche wa bure hupandwa popote, na hakuna anayeumwagilia.

Na kitalu kisikabidhiwe wanaume peke yao. Wanaouza mboga katika masoko yetu ni akina mama, na wao ndio wanaojua ni wiki ipi nyanya inapotea na ni aina gani ya pilipili mnunuzi anairudia. Mama mwenye meza mbili za mianzi kando ya jiko lake anaweza kusia kwa hesabu ya soko, jambo ambalo ofisi hailiwezi.

Wengine watasema: mimi ni mpangaji, parseli si yangu, mwenye nyumba akinifukuza kesho nitapoteza kila kitu. Hofu hiyo ni ya kweli na watu wengi mjini wanaishi nayo. Lakini kati ya kazi zote za kilimo, hii ndiyo inayomfaa mpangaji kuliko mwenye shamba. Miche iko ndani ya sashe, meza ni ya mianzi, paa ni matawi. Vyote vinapakiwa kwenye mkokoteni asubuhi moja na kufunguliwa chini ya mwembe mwingine, na miche iliyokuwa tayari inauzwa njiani.